Ukitaka Historia ya Kweli, Anza na Sanduku la Nyanya

Likizo imefika, na mwanao aliye chuoni amerudi nyumbani na mfuko wa nguo chafu pamoja na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo imetoka kwa mhadhiri wake wa historia. Inamtaka aandike utafiti wa kurasa 30 kuhusu jambo lolote la kale la nchi hii, lakini kwa sharti moja: asitegemee vitabu peke yake. Ni lazima atumie vyanzo asilia.

Siku ya kwanza kijana anapekua intaneti. Siku ya pili anakuna kichwa. Siku ya tatu, mkiwa mezani, anakugeukia na kukuuliza, "Mama, hivi vyanzo asilia hupatikana wapi?" Nawe, msomaji mpendwa, unajikuta huna jibu.

Usione haya. Wengi wetu tulifunzwa historia kama orodha ya tarehe za kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Hatukuambiwa tarehe hizo zilitoka wapi, wala nani aliziandika kwanza. Makala haya yanajaribu kujibu swali la kijana huyo, na pia yanakuhusu wewe mzazi, kwa sababu huenda jibu lenyewe limelala chini ya kitanda chako.

Shahidi na jirani

Chanzo asilia ni ushahidi uliotoka kwa mtu aliyekuwapo wakati jambo lilipotokea, au kitu kilichobaki kutoka wakati huo. Barua, shajara, ripoti ya mkuu wa wilaya, rejesta ya ubatizo, gazeti la siku hiyo, picha, stakabadhi ya kodi na maneno ya mzee aliyeshuhudia, vyote ni vyanzo asilia. Kitabu alichoandika profesa miaka 60 baadaye, baada ya kusoma barua na ripoti hizo, ni chanzo cha upili.

Tofauti yao ni kama ile ya mtu aliyeona ajali ya matatu kwa macho yake na jirani aliyesimuliwa habari za ajali hiyo jioni. Jirani huenda akaeleza vizuri zaidi, na pengine akawa na akili nyingi kumshinda shahidi. Hata hivyo, hakimu atataka kumsikia shahidi kwanza.

Hii si kusema kwamba kitabu cha profesa hakifai. La hasha! Mwanafunzi mwerevu hukisoma kitabu hicho kwanza, kisha hukimbilia kurasa za nyuma ambako mwandishi ameorodhesha faili alizosoma na wazee aliowahoji. Kurasa hizo ndizo ramani yako. Zinakuonyesha mwenzako alipita wapi, na pia pembe ambazo hakuzifikia.

Jina la Kariokor

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja tutakaoandamana nao. Kila siku watu wengi hupitia Kariokor jijini Nairobi kununua vyondo na viatu vya ngozi au kula nyama choma. Wachache hujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia iyo hiyo.

Vita hivyo vilipoanza Agosti 1914, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana katika nchi ambayo haikuwa na barabara za kutosha, na ambamo mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota magari. Kwa hivyo mizigo ilibebwa vichwani mwa watu. Sheria ya mwaka wa 1915 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuwaandikisha Waafrika kwa lazima. Mwaka wa 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kusimamia uandikishaji mkubwa zaidi, na machifu wakatakiwa kutoa vijana. Kikosi chenyewe kilisimamiwa na Oscar Watkins.

Waliokufa hawakuuawa sana kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibaya. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Fikiria hilo kidogo. Pengine baba ya babu yako ni mmoja wao. Je, utafiti wa kurasa 30 wa mwanao hauwezi kurudisha jina moja tu?

Kosa langu mwenyewe

Hapa sina budi kukuungamia jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa chuoni, nilichagua mada iyo hiyo ya wapagazi. Katika kijiji chetu alikuwako mzee mmoja aliyekuwa amepita miaka 90. Kila mtu alijua kwamba alichukuliwa akiwa kijana akapelekwa "vita vya Wajerumani". Alikuwa akiketi juani nje ya nyumba ya mwanawe, na kando ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati ambalo hakumruhusu mtoto yeyote kuligusa.

Likizo ya Desemba nilipita hapo nikamsalimia. Akaniuliza ninasomea nini. Nilipomwambia ni historia alicheka sana, akasema, "Njoo siku moja nikuambie tulivyolala." Niliahidi kurudi. Lakini kulikuwa na Krismasi, kisha harusi ya binamu, kisha nauli ya kurudi mjini. Nikajiambia mzee yupo tu, nitamwona Aprili.

Aprili nilipofika nilionyeshwa kaburi. Nikaulizia sanduku. Mjukuu wake aliniambia bila kinyongo kwamba bati lilikuwa bado zima, kwa hivyo walikuwa wakiwekea kuku mayai. Na karatasi zilizokuwamo? "Zile zilikuwa kuukuu, nyanya aliwashia moto."

Hadi leo sijui walilala vipi. Wazee walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mimi sikupata hata huyo mwana. Niliandika utafiti wangu kwa vitabu vya maktaba, nikapata alama za wastani, na nilistahili.

Nakusimulia haya ili ujue kanuni ya kwanza ya kazi hii: anza na chanzo kinachoweza kufa. Faili iliyo katika hifadhi itakungoja hadi mwaka ujao. Nyanya huenda asikungoje.

Tafuta nyumbani kwanza

Mwanafunzi, kabla hujapanda matatu kwenda kutafuta historia mbali, omba ruhusa ufungue masanduku na mikoba ya kwenu. Utashangaa. Huenda ukakuta kipande cha babu, ile hati ambayo kuanzia mwaka wa 1919 hivi wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba, mara nyingi katika kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, hadi sheria hiyo ilipoondolewa mwaka wa 1947. Kipande kilionyesha jina la mtu, kwao ni wapi, amemfanyia kazi nani na alilipwa nini. Karatasi moja tu ya namna hiyo inaweza kukupa sura nzima ya utafiti.

Tafuta pia stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, barua kutoka mjini, vitabu vya akiba ya benki, kadi za vyama vya siasa na vya ushirika, na picha zilizopigwa studio. Geuza kila picha uone nyuma. Mara nyingi kuna mwaka, jina la mpiga picha au salamu mbili tatu. Usizichukue karatasi hizo uende nazo chuoni. Zipige picha kwa simu mahali penye mwangaza, kisha uzirudishe zilipokuwa.

Nawe mzazi, saidia. Keti na mama yako Jumapili moja alasiri, mpitie picha moja moja, na uandike kwa penseli nyuma ya kila moja: huyu ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Penseli haiozeshi karatasi kama wino. Picha isiyo na majina, baada ya kizazi kimoja, huwa ni picha ya watu wasiojulikana.

Kumhoji mzee si kumhoji mshukiwa

Wanafunzi wengi huharibu hapa. Wanafika bila taarifa, wameshika orodha ya maswali 40, na swali la kwanza ni, "Je, ukoloni uliathiri vipi uchumi wa jamii yenu?" Mzee anaguna. Hilo ni swali la mtihani, na yeye hana mtihani.

Peleka habari mapema kupitia kwa mtu anayemfahamu. Usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai si hongo, ni adabu. Mweleze wewe ni mtoto wa nani, unasoma wapi, na unataka kuyafanyia nini maneno yake. Muombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu yako. Akikataa, weka simu mfukoni utoe daftari. Usimwahidi pesa wala kumdanganya kwamba serikali itamlipa fidia.

Kisha uliza maswali madogo yanayoshikika. Kwa vile wapagazi wenyewe wamekwisha kufa, utazungumza na watoto na wajukuu wao. Kwa hivyo uliza: "Babu, baba yako alikuambia walikula nini safarini? Aliondoka na nani hapa kijijini? Ni nani kati yao aliyerudi? Kuna wimbo walioimba? Aliporudi, alimkuta nani akilima shamba lake?" Swali la chakula hufungua mlango ambao swali la uchumi hauwezi kuufungua.

Tofautisha aliyoyaona mwenyewe na aliyosimuliwa. Yote mawili yana thamani, lakini si ya aina moja. Mzee akisema "baba alirudi akiwa mgonjwa na hakulima miaka miwili", hayo huenda aliyaona akiwa mtoto. Akisema "waliuawa elfu moja kwa siku moja", hayo ni masimulizi, na ni juu yako kuyatafutia ushahidi mwingine.

Kuhusu miaka, usimlazimishe kutaja tarehe. Wazee wetu walihesabu wakati kwa matukio: mwaka wa njaa fulani, wakati wa nzige, rika fulani lilipotahiriwa, mwaka wa homa kali. Ukijua kwamba homa ya mafua iliyoenea dunia nzima ilifika hapa mwishoni mwa 1918, na kwamba nzige walivamia kati ya 1928 na 1931, utaweza kuweka maneno yake mahali pake.

Andika maneno yake katika lugha aliyoyasema, kisha ndipo utafsiri. Ukimaliza, andika jina lake kamili, umri, mahali na tarehe ya mazungumzo. Na utafiti ukikamilika, mrudishie nakala. Mzee aliyesaidia chuo kutoa shahada anastahili kuona kazi yake.

Ndani ya jengo la Moi Avenue

Sasa uko tayari kwenda mjini. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Moi Avenue jijini Nairobi, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la Bank of India. Wakazi wengi wa Nairobi wamewahi kupeana miadi mbele yake bila kuingia ndani. Orofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa nchi hii mwaka wa 1966. Watafiti wao huenda kwenye chumba cha kusomea.

Hifadhi hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1965. Beba kitambulisho, barua kutoka idara yako chuoni, penseli na daftari. Ulizia mapema ada ya kusoma, ada ya nakala, na kama utafiti wako unahitaji kibali cha serikali, kwa kuwa mambo haya hubadilika. Usiingie na chai wala maandazi, na usiinamie karatasi ya miaka 100 na kalamu ya wino mkononi.

Jambo linalowatatiza wageni ni kwamba faili hazikupangwa kwa mada. Hutakuta rafu iliyoandikwa "Wapagazi". Zimepangwa kufuatana na afisi iliyoziandika. Herufi DC humaanisha mkuu wa wilaya na PC mkuu wa mkoa, kisha hufuata kifupisho cha mahali. Kwa hivyo DC/MKS ni faili za mkuu wa wilaya ya Machakos, na PC/COAST ni za mkuu wa mkoa wa Pwani. Ukija na swali la "wapagazi wa Kenya" utazama. Ukija na swali la "Vijana wa Machakos walioandikishwa mwaka wa 1917 walichukuliwaje?" karani atakuelekeza kwenye mwongozo unaofaa, nawe utajua faili za kuagiza.

Anza na ripoti za mwaka za wilaya, ambamo mkuu wa wilaya alieleza mvua, kodi, magonjwa, machifu na idadi ya watu waliotolewa kwenda vitani. Kisha tafuta vitabu vya kumbukumbu za siasa, na ripoti ambazo mkuu wa wilaya aliyehamishwa alimwachia mwenzake. Hizi za mwisho ni tamu, kwa sababu huko ndiko walikosema wazi chifu yupi ni mlevi na mtaa upi ni mkaidi.

Kila unaponukuu, andika namba kamili ya faili, tarehe ya waraka na aliyeuandika. Usiseme nitakumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama unaishi mbali na Nairobi, hifadhi hiyo ina vituo vya mikoani, kikiwemo cha Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri. Aidha, kwa kawaida faili za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, hivyo usichague mada ya juzi ukitarajia kusoma siri za serikali.

Magazeti, makanisa na intaneti

Magazeti ya kale ni hazina nyingine. Gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka wa 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, baadaye likawa East African Standard na kuhamia Nairobi mwaka wa 1910. Lilikuwa sauti ya walowezi. Sauti ya Waafrika utaipata katika magazeti kama Muigwithania, lililoanza mwaka wa 1928 Jomo Kenyatta akiwa mhariri wake. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, inajulikana kwa mkusanyiko wake wa magazeti ya kikoloni, na maktaba za vyuo vikuu zina mengine katika filamu ndogo.

Usiyasahau makanisa. Misheni nyingi ziliweka rejesta za ubatizo, ndoa na vifo kabla serikali haijajali kuandika kuzaliwa kwa Mwafrika. Muombe padri au mchungaji kwa adabu, ukiwa na barua. Kwa Waislamu wa pwani, nyaraka za makadhi na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni dunia nzima inayowangoja wanafunzi wanaoweza kuzisoma.

Intaneti nayo ina faida, ukiitumia kwa akili. Toleo baada ya toleo la Gazeti Rasmi la Serikali, kuanzia lile la mwaka wa 1899, linaweza kusomwa bure humo, pamoja na kumbukumbu nyingi za mijadala ya bunge. Unaweza pia kupekua orodha ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. Barua za magavana wa Kenya kwenda London ziko katika fungu la CO 533. Jihadhari tu na programu za akili unde. Ukiiuliza ikupe vyanzo, inaweza kukubunia jina la kitabu au namba ya faili ambayo haijawahi kuwako, na mhadhiri atakapoitafuta, aibu itakuwa yako.

Karatasi nayo ina ulimi

Baada ya jasho hilo lote, mwanafunzi hushawishika kuamini kila anachosoma kwa sababu tu ni cha kale. Kumbuka kwamba mtu anaweza kudanganya kwa taipureta kama anavyodanganya kwa mdomo. Iulize kila karatasi maswali manne: Nani ameiandika? Alimwandikia nani? Alitaka kupata nini? Na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema?

Mkuu wa wilaya akimwandikia mkubwa wake kwamba vijana "walijitolea" kwenda vitani, jiulize kama angethubutu kuandika kwamba walifungwa kamba. Mwekee kando maneno ya mjukuu anayesema babu yake alijificha msituni siku tatu. Pale wawili hao wanapotofautiana ndipo utafiti wako unapoanza. Ukienda Kenyatta Avenue utaziona sanamu tatu za shaba za askari na mpagazi, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Hayo nayo ni chanzo asilia. Lakini chunguza: kuna sifa, hakuna jina hata moja la mpagazi. Kunyamaza huko pia ni ushahidi.

Na kuna karatasi ambazo hutazikuta kabisa. Moto ulioteketeza afisi za Sekretarieti mjini Nairobi mwaka wa 1939 uliharibu kumbukumbu nyingi za serikali kuu, na ndiyo sababu faili za wilaya zina thamani kubwa hivi leo. Nyingine hazikuungua kwa bahati mbaya. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa kikoloni walichoma nyaraka walizoona zingeiaibisha Uingereza, na nyingine wakazisafirisha kwao kimya kimya.

Karatasi zilizoshinda kesi

Kama bado unadhani haya ni mambo ya wanafunzi tu, kumbuka kesi ya wazee wa Mau Mau. Mwaka wa 2009 Wakenya watano waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London wakisema waliteswa kizuizini katika miaka ya 1950. Walikuwa na kovu zao na maneno yao. Wanahistoria waliotoa ushahidi walijua kwamba kuna faili zilizoondolewa Kenya, wakazitaka. Mwaka wa 2011 serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na nyaraka za makoloni yake ya zamani katika jengo la Hanslope Park, zikiwemo faili 1,500 hivi kutoka Kenya.

Serikali ilikuwa imedai kwamba miaka mingi mno imepita, kesi haiwezi kusikizwa kwa haki. Mwaka wa 2012 jaji alikataa hoja hiyo, akisema pamoja na mengine kwamba nyaraka zilizopo ni nyingi na zinatosha. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Faili hizo sasa ziko Kew katika fungu la FCO 141, na mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kuzisoma.

Umeona, msomaji? Neno la mzee peke yake liliambiwa limechelewa. Karatasi peke yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Viliposimama pamoja, dola kubwa ilisalimu amri.

Fanya leo

Kwa hivyo mwambie mwanao achague swali dogo: kijiji kimoja, shule moja, soko moja, mwaka mmoja au miwili. Wiki ya kwanza azungumze na wazee. Wiki ya pili apige picha karatasi za nyumbani. Kuanzia ya tatu aende hifadhi, kisha kanisani na kwenye magazeti. Kila jioni aandike upya alichopata, kwa tarehe na namba. Haba na haba hujaza kibaba, na kurasa 30 zitajaa kabla hajajua.

Nawe mzazi, kabla hujawasha jiko kwa karatasi kuukuu, zisome kwanza. Na kama bado una mama au baba aliye hai, usingoje mwanao aletewe kazi na mhadhiri. Leo ni Jumapili. Weka birika motoni, vuta kiti karibu naye, na umuulize walivyolala.